Sura ya Sita: Ofisini Inafunguka, Nyumbani Inagoma

Swali lenyewe huja hivi: programu ya kuchati ya kazini inafunguka vizuri kwenye kompyuta ya ofisini, lakini nikitaka kuiweka kwenye kompyuta yangu ya nyumbani inagoma. Intaneti ipo, umeme upo, nywila naijua. Tatizo nini?

Tatizo ni kwamba kompyuta ya ofisini uliikuta imeshaandaliwa. Kuna kijana wa TEHAMA aliyekutangulia, akaweka mfumo halali, akaupa masasisho, akasakinisha kila kinachohitajika, wewe akakuachia kazi moja tu ya kuandika jina na nywila. Ya nyumbani haina mtu wa namna hiyo. Ilinunuliwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi ikiwa imeshatumika Ulaya miaka kadhaa, fundi akaipiga Windows kwa flashi aliyoipata anakojua mwenyewe, watoto wakajaza michezo, shemeji akaweka nywila ya msimamizi kisha akahamia Dodoma. Programu ikifika hapo inakutana na hayo yote kwa mpigo.

Programu za kuchati kazini ni zile ambazo wafanyakazi hutumia kuandikiana kwa makundi, kutumiana mafaili na kufanya vikao vya video. Slack ilifunguliwa kwa umma mwaka 2014, Microsoft Teams ikafuata Machi 2017. Miaka ya mwanzo zilikaa ofisini zikitunzwa na watu wa ofisini. Kisha ikaja Machi 2020. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13, Tanzania tarehe 16, na siku chache baadaye Microsoft ikasema Teams ina watumiaji milioni 44 kwa siku. Mwisho wa Aprili walikuwa milioni 75. Chombo cha ofisini kikahamia sebuleni katika majuma machache, kwenye mashine ambazo hakuna ofisi iliyowahi kuzikagua. Korona ikapita, mazoea ya kumalizia kazi nyumbani yakabaki.

Katika sura hii nitaifuata zaidi Teams kwenye Windows. Ndiyo inayoulizwa zaidi na, nisifiche, ndiyo yenye vituko zaidi. Wa Slack naye atajikuta humuhumu.

Kwanza, kikao kinaanza saa ngapi?

Kama kikao ni saa tatu na sasa hivi ni saa tatu kasoro dakika kumi, achana na kusakinisha. Fungua kivinjari, yaani ile programu unayotembelea nayo tovuti, kama Chrome au Edge. Andika teams.microsoft.com, au app.slack.com kwa wa Slack, ingia kwa akaunti ya kazi, uhudhurie kikao chako. Ukibofya kiungo cha kikao na ukurasa ukakutaka ufungue programu, tafuta maneno “Continue on this browser” na uyabofye hayo.

Ndani ya kivinjari utachati, utatuma mafaili, utaonekana na kusikika. Utakosa mambo machache ya pembeni, na taarifa za ujumbe mpya hazitakufikia ukishafunga ukurasa. Kwa maoni yangu, mtu anayefungua kompyuta ya nyumbani jioni ajibu jumbe mbili tatu hana sababu ya kusakinisha chochote. Anayefanya kazi nyumbani kutwa nzima, huyo ndiye aendelee na sura hii.

Imekataa ikisema nini?

Mazungumzo haya kila fundi anayajua:

— Fundi, mashine imekataa.

— Imekataa ikisema nini, mama?

— We njoo tu. Imekataa.

Fundi hana la kufanya ila kupanda daladala. Lakini jibu la swali lake mara nyingi lilikuwa kwenye kidirisha ambacho mama alikifunga kwa hasira, na laiti angelisoma kwa simu, pengine nauli ingebaki mfukoni.

Kusakinisha, yaani kuiweka programu ndani ya kompyuta mpaka iwe tayari kutumika, si tendo moja. Ni hatua zinazofuatana, na kila moja hukwama kwa namna yake:

1. Kupakua: kulileta faili la kusakinishia kutoka mtandaoni.
2. Kuruhusiwa: Windows inaamua kama faili hilo lifunguke au lizuiwe.
3. Kunakili: vipande vya programu vinawekwa kwenye diski.
4. Kuwaka: programu inafunguka kwa mara ya kwanza.
5. Kuingia: akaunti yako inatambuliwa.

Kosa linalokula muda na bando kuliko yote ni hili: mtu amekwama hatua ya tano, anafuta kila kitu, anaanza upya hatua ya kwanza. Anapakua tena, anasubiri tena, anafika palepale. Nywila iliyokataliwa jana haitakubaliwa leo kwa sababu programu imewekwa upya.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, piga picha ya kidirisha kwa simu yako. Namba ndefu inayoonekana kama uchafu ina maana yake. Zile zinazoanza na 0x8007 hubeba habari katika tarakimu za mwisho. 0x80070070 ni kilio cha diski kujaa. 0x80070005 ni kunyimwa ruhusa. Ukiiandika namba nzima kwenye kisanduku cha kutafutia, pamoja na jina la programu, utapata watu waliokutana nayo kabla yako.

*Kwa ufupi: jua kwanza umekwama hatua ya ngapi. Dawa ya hatua moja haitibu nyingine.*

Faili dogo, mzigo mkubwa

Umepakua faili la Teams, ukashangaa kuona ni dogo, megabaiti chache tu. Ukalibofya. Mstari ukaanza kutambaa, ukafika mahali ukasimama. Ukasema faili bovu.

Si bovu. Faili hilo ni mtangulizi tu, na kazi yake ni kwenda mtandaoni kuleta programu yenyewe, ambayo inazidi megabaiti 100. Kama bando la saa moja limekwisha katikati, au simu uliyoifanya mnara wa intaneti imepigiwa na mtandao ukashuka, mtangulizi huyo anabaki amesimama bila kukuambia chochote cha maana. Angalia salio la bando kwanza. Kama laini yako haitulii, iombe ofisi ikupe faili kamili, lile lenye programu nzima ndani yake, uje nalo kwenye flashi.

Lakini tahadhari na flashi zenye mambo ya kale. Wapo waliohifadhi faili la Teams tangu enzi za korona wakidhani wameokoa bando. Teams ile ya zamani ilibadilishwa na mpya Oktoba 2023, na tarehe 1 Julai 2025 ya zamani ikafungwa kabisa. Unaweza kuisakinisha vizuri sana, ukafurahi, halafu mlangoni ukarudishwa.

Jambo jingine ni mahali unapopakulia. Usibofye matokeo ya kwanza yenye alama ya tangazo. Wahalifu wamewahi kulipia matangazo yenye jina la Teams yanayompeleka mtu kwenye faili lenye kirusi. Ukishapakua, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua “Properties”, kisha “Digital Signatures”, yaani sahihi ya kidijitali inayoonyesha nani ametengeneza faili. Pawe na jina la Microsoft Corporation. Kama sehemu hiyo haipo kabisa, futa faili na usirudi ulikolitoa.

Kompyuta yenye historia yake

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Anza na umri wa mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiongoza kompyuta nzima. Kwa wengi wetu ni Windows. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, andika winver, bonyeza Enter. Kidirisha kitakachotokea kitakuambia ni Windows ipi na toleo namba ngapi. Teams mpya inataka Windows 10 yenye namba ya “OS Build” 19041 au zaidi, au Windows 11. Ukiona Windows 7, usihangaike zaidi. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na hata Chrome iliishia nayo kwenye toleo la 109, mwanzoni mwa 2023. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, jambo ambalo muuzaji wa kompyuta iliyotumika hatakutajia usipomuuliza.

Kuna suala la biti, yaani upana wa njia ambayo kompyuta hupitisha hesabu zake. Windows huja ya biti 32 au 64. Mafundi wengi waliwahi kupiga ile ya 32 kwenye mashine zenye kumbukumbu ndogo kwa sababu ni nyepesi. Faili lililoandaliwa kwa biti 64 halifunguki humo hata uombeje. Utaambiwa “This app can't run on your PC”, na maelezo yaishie hapo. Ukweli uko kwenye Settings, kisha System, kisha About, kwenye mstari wa “System type”.

Sasa tuje kwa fundi na flashi yake. Windows zisizo halali zinazozunguka mtaani mara nyingi zimepunguzwa ili zikae kwenye mashine dhaifu. Aliyezipunguza aliondoa alichoona hakina faida: duka la programu la Microsoft, vipande vya Edge, huduma za masasisho. Kwa miaka kadhaa hujaona pengo lolote, Word inafunguka, filamu zinacheza. Teams mpya inakuja katika furushi linalotegemea vipande hivyohivyo, pamoja na kimoja kiitwacho WebView2 ambacho ndicho kinachoichorea kurasa zake. Bila hivyo, ama inakataa kusakinishwa, ama inafunguka dirisha jeupe tupu. WebView2 unaweza kuipakua yenyewe kutoka Microsoft bila malipo, na wakati mwingine inatosha. Isipotosha, hakuna ujanja mwingine zaidi ya kuweka Windows kamili. Najua ushauri huo haupendezi kwa mtu aliyelipa fedha zake kupigiwa Windows mwezi uliopita.

Diski iliyojaa ni rahisi zaidi. Kompyuta ndogo zenye hifadhi ya gigabaiti 32 zinabaki na nafasi finyu hata kabla hujaweka picha moja, maana Windows yenyewe ndiyo mpangaji mkubwa. Bonyeza tena Windows na R, andika %temp%, ufute mafaili ya muda utakayoyakuta. Yanayokataa kufutika yaache, yanatumika. Kisha angalia folda ya Downloads. Filamu za harusi ya binamu ziko humo.

Na sasa saa. Hili huwashangaza watu. Kompyuta ya mezani ina betri ndogo ya duara kwenye ubao wake mkuu, aina ya CR2032, inayoiwezesha kukumbuka tarehe hata umeme ukikatika. Betri hiyo ikifa, kila umeme wa Luku ukiisha na mashine ikizimika, tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Wewe huoni tatizo, kwani kuna saa ukutani. Lakini kila tovuti salama hujitambulisha kwa cheti cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani ni mwaka 2010 hukitazama cheti cha mwaka huu kama karani anayepewa kitambulisho kilichotolewa miaka mingi ijayo: inakikataa. Matokeo yake programu haipakuliki, au haiingii, au kivinjari kinadai muunganisho si wa faragha. Rekebisha tarehe na uchague ukanda wa saa wa Nairobi, ambao ndio wa Kenya, Tanzania na Uganda. Betri yenyewe inauzwa kwa bei ya soda au zaidi kidogo, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache kwa fundi yeyote.

*Kwa ufupi: kabla ya kuilaumu programu, angalia toleo la Windows, biti, nafasi kwenye diski, na tarehe.*

Ruhusa ya nani?

Windows hugawa watumiaji katika makundi mawili: msimamizi, anayeweza kubadilisha chochote, na mtumiaji wa kawaida. Faili nyingi za Teams na Slack hujiweka kwa ajili yako peke yako bila kumhitaji msimamizi. Lakini zikihitaji kuongeza kipande kama WebView2, au ukiwa umepewa faili la aina inayowekwa kwa watumiaji wote, kidirisha kitaomba nywila ya msimamizi. Hapo ndipo unampigia shemeji Dodoma.

Kompyuta nyingine mpya zinakuja na Windows katika hali ya S, iliyofungwa isikubali programu yoyote isiyotoka kwenye duka la Microsoft. Kutoka kwenye hali hiyo ni bure, ila ukishatoka huwezi kurudi tena.

Kuhusu antivairasi, kuna ushauri unaopendwa sana na mafundi wa haraka: izime kwanza, usakinishe, uiwashe baadaye. Siukubali. Antivairasi ikilizuia faili ulilolikuta na sahihi ya Microsoft, huenda ni kwa sababu yenyewe imekwisha muda na haijasasishwa miaka. Iondoe hiyo iliyokufa kabisa, uiachie Windows kinga yake ya asili, kisha jaribu tena.

Akaunti mbili, mlango mmoja

Programu imeingia, inafunguka, lakini akaunti inakataliwa. Hatua ya tano.

Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja na Teams tayari ndani yake. Watu wakasema afadhali, wameshatuwekea. Wakaandika anwani ya kazi, ikakataliwa, kwa sababu ile ilikuwa Teams ya matumizi binafsi, ya ndugu na marafiki, isiyokubali akaunti za kazi. Ya kazi ilikuwa programu nyingine yenye jina lilelile na alama inayofanana. Hakuna mtumiaji wa kulaumiwa kwa hilo. Aliyeipanga hivyo ndiye. Mwaka 2024 Microsoft iliziunganisha zikawa moja, lakini mashine isiyosasishwa bado inaweza kuwa na ile ya kwanza. Ukiiona, iondoe.

Kama ofisi inadai namba ya uthibitisho kutoka kwenye simu, kumbuka namba zile zinazobadilika kila sekunde 30 hutegemea saa ya simu. Simu iliyowekewa saa kwa mkono, ikapotea dakika kadhaa, hutoa namba zisizokubalika.

Halafu kuna kidirisha ambacho karibu kila mtu hukipita bila kukisoma. Ukishaandika nywila, Windows hukuuliza kama uendelee kutambuliwa kwenye programu zote, na chini yake kuna kisanduku kilichokwisha kuwekewa tiki: “Allow my organization to manage my device”. Tafsiri yake ya vitendo ni kwamba unairuhusu ofisi iisimamie kompyuta yako. Kulingana na ofisi ilivyojipanga, inaweza kukulazimisha ubadilishe nywila, ikazuia programu fulani, na katika baadhi ya mipangilio ikaweza kufuta data ikiwa mbali. Kwa kompyuta ya ofisi ni sawa. Kwa kompyuta ambayo mwanao anafanyia kazi za shule na mumeo anahifadhia hesabu za duka, si jambo la kubofya huku unawaza kikao. Ondoa tiki, au chagua kuingia kwenye programu hiyo peke yake. Kama ofisi inasema haiwezekani bila kusimamiwa, waulize kwa maandishi watasimamia nini, kisha uamue. Kivinjari kinaweza kuwa jibu, ingawa ofisi nyingine huzuia hata hicho.

Ikiwa jana uliingia vizuri na leo dirisha linazunguka tu, shuku kashe, yaani akiba ya taarifa ambazo programu hujiwekea ili ifunguke haraka. Akiba ikiharibika, haraka hiyo inakuwa kizuizi. Kwenye Windows 11 nenda Settings, Apps, Installed apps, tafuta Microsoft Teams, ufungue “Advanced options”, ubofye “Reset”. Mazungumzo yako hayapotei, yako kwenye seva za mbali. Utaandika nywila upya, basi.

Tatizo likiwa baharini

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zilizo chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Aliyesakinisha programu juma lile huenda bado anaamini kompyuta yake ina mkosi. Na tarehe 4 Januari 2021, siku ambayo wengi walikuwa wanarudi kazini baada ya mwaka mpya, Slack yenyewe ilianguka kwa saa kadhaa dunia nzima. Kampuni hizi zina kurasa za kuonyesha hali ya huduma zao. Zitazame kwa simu, na muulize mwenzako mmoja aliye mtandao tofauti na wako, kabla hujafuta kitu.

Huko kote pakiwa shwari na wewe bado umekwama, waandikie watu wa TEHAMA wa ofisini. Watakujibu mapema zaidi ukiwapa haya tangu mwanzo: hatua uliyokwama, picha ya kidirisha, jibu la winver, nafasi iliyobaki kwenye diski, na kama toleo la kivinjari linafanya kazi. Swali lao la kwanza litakuwa kama umezima na kuwasha. Waambie umechagua “Restart”. Kwenye Windows 10 na 11, kwa kawaida “Shut down” huhifadhi sehemu ya mfumo ili kompyuta iwake haraka kesho, na hitilafu iliyokuwemo huweza kuhifadhiwa pamoja nayo. “Restart” ndiyo inayoanza upya kabisa.